Mkasi Uliofungwa Kinyume

Miezi mitatu nilimgombeza Atuganile
kwa kola zilizoliwa na panya wasioonekana.
"Fuata chaki, mwanangu. Chaki haijifichi."
Nilisema hivyo nikiwa nimekaa
upande inakoonekana.

Tukuyu mvua haiulizi mwezi.
Kibarazani, cherehani mbili, turubai linalovuja pembeni,
sare arobaini na moja zinasubiri shule ifunguliwe,
na binti anapinda shingo kama kuku anayesikiliza,
anachungulia ng'ambo ya bapa la mkasi
kuutafuta mstari niliomchorea.
Kitambaa kinalala kati ya makali,
kinakunjwa, kinatafunwa, hakikatwi.
Samahani, mama.
Samahani, mama.

Nyumbani kwetu, kaka yangu Ambakisye
alifungwa mkono kwa ukambaa wa mgomba
mpaka akajua kula.
Leo anaandika kwa kulia, barua zake zimenyooka,
ila mbwa akiingia shambani
jiwe linatoka kushoto, na halikosi.

Lugha yetu nayo ilishagawa zamani:
huu wa kulia, wa kulia chakula,
ule mwingine, wa kike.
Basi mimi, mama wa watoto wanne,
yangu yote miwili ni ya kike.

Usiku mmoja, nimefunga kazi,
nikauhamisha mkasi mkono.
Nikakata kipande cha tetroni, mstari mmoja tu, shibiri moja.
Bapa likanisimamia mbele kama mtu mrefu kwenye mkutano.
Kadiri nilivyobana, ndivyo makali yalivyoachana.
Nikakaa.
Nikazihesabu zile samahani.

Jumamosi nikashuka Mwanjelwa, dukani kwa Tweve.
"Mkasi wa mashoto upo?"
"Upo, mama. Huu hapa, wa mkono wowote."
Vishikio vyekundu, laini kama ufizi wa kichanga.
Nikaelekeza ncha mlangoni kwenye mwanga:
bapa la kulia juu.
Wa pili, bapa la kulia juu.
Wa tatu, kasha lina picha ya mkono wa kushoto, unatabasamu kama una meno;
ndani, bapa la kulia juu.
Wamegeuza kishikio, akili hawakuigeuza.
"Mama, unanunua mkasi au unapima macho?"
"Kishikio ni kiatu, baba. Mimi natafuta mguu."

Nje, kwenye gunia la vyuma vya mitumba,
kati ya koleo, makufuli yasiyo na funguo na pasi moja ya mkaa,
niliuona. Mzito, rangi imebanduka,
skrubu imeshika kutu kidogo.
Nikauelekeza ncha mbele: bapa la kushoto juu.
Kijana akanionea huruma.
"Huo mbovu, mama. Umefungwa kinyume.
Toa elfu tatu."

Nilikuwa na kitambaa mkobani.
Nikakata kwa kulia: ukatafuna.
Nikafurahi kama mtu aliyejibiwa barua.
Nikakata kwa kushoto, kwa mkono wangu mjinga,
na chaki ikalala wazi mbele yangu, nyeupe, yote.

Sikumwambia kitu.
"Mbovu unauzwa elfu tatu?" Tukamalizana kwa mbili na mia tano.
Mungu atajua la kunifanya;
mia tano niliyookoa niliinywea chai ya tangawizi.

Jumatatu Atuganile alikata kola sita
kabla ukungu haujapanda kilimani.
Shingo imenyooka. Kibaraza kimya,
kimya ambacho sikujua nikiweke wapi.

Jana, kwa haraka, nikadaka mkasi wake
nikauingiza kwenye suti ya mteja.
Ukakunja. Ukatafuna.
"Fuata chaki, mama,"
akasema, bila kuinua macho.